Dokidoki si wakuwaku: maneno ya Kijapani ya hali ya moyo, kwa wanaopokea Wajapani Kigoma

Mgeni wa Kijapani akishika kifua ndani ya boti ya Mahale na kusema "mukamuka shimasu", usianze kumwomba radhi. Mpe mfuko, msogeze nyuma ambako boti hairukiruki sana, mwambie atazame mbali kwenye milima. Anasikia kichefuchefu. Neno hilohilo akilitamka kesho yake huku ameshika risiti iliyokosewa hesabu, hapo ndipo radhi inapotakiwa. Mukamuka ni kitu kinachopanda kutoka tumboni kuja kifuani, kiwe chakula au kiwe hasira. Anayelijua neno kwa maana moja tu atakosea nusu ya safari zake.

Kigoma ina uhusiano wa siku nyingi na Wajapani. Nishida Toshisada wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale mwaka 1965, hifadhi ya taifa ikaanzishwa mwaka 1985, na hadi leo watafiti na watalii kutoka Japani hupita mjini wakielekea kusini mwa ziwa. Waongoza wageni, manahodha, wapishi wa kambi, wahudumu wa hoteli na manesi wanaokutana nao hujifunza salamu, namba na majina ya wanyama. Maneno ya hali ya moyo huachwa nyuma, na hayo ndiyo yanayomtoka Mjapani bila kupanga, anaposhtuka, anapochoka kusubiri, anapofarijika. Ukiyasikia sawasawa unajua la kufanya kabla hujaombwa.

Kijapani kina maelfu ya maneno ya kuigiza. Kamusi moja iliyohaririwa na Ono Masahiro, ikatolewa na Shogakukan mwaka 2007, ina maneno 4,500. Yote kwa pamoja huitwa onomatope. Mwanaisimu Kindaichi Haruhiko aliyagawa mwaka 1978 katika mafungu matano: sauti za viumbe hai, sauti za vitu, namna vitu vinavyoonekana, namna watu na wanyama wanavyojiweka, na hali ya moyo. Fungu hili la mwisho huitwa gijōgo, na ndilo ninaloliandikia hapa.

Kwa Mswahili jambo lenyewe si geni. Sisi husema mtu ameanguka majini chubwi, amelala fofofo, kijiti kimevunjika kacha, nguo ni nyeupe pe na usiku ni mweusi ti. Tena mwanaisimu Clement Doke alipotafuta jina la aina hii ya maneno mwaka 1935, alikuwa anaeleza lugha za Kibantu. Tunapoachana na Wajapani ni kwenye moyo. Tanakali zetu nyingi hukaa kwenye sauti, rangi na kiasi. Moyoni tunaingia kwa vitenzi na misemo: roho juu, kufa moyo, kushusha pumzi, kujiumauma, kununa. Mwanaisimu Mark Dingemanse, katika makala yake ya mwaka 2012, alipanga maana za maneno ya aina hii kama ngazi: sauti kwanza, kisha mwendo, kisha yanayoonekana kwa macho, kisha milango mingine ya fahamu, mwishoni hisia za ndani. Lugha iliyofika ngazi ya juu huwa na zile za chini pia. Kijapani kimepanda hadi juu kabisa, na huko juu kimejaza maneno tele.

Kwa hiyo nashauri usiyakariri kama orodha ya neno la Kijapani na tafsiri yake pembeni. Kila neno lina mambo matatu ya kushika: umbo lake, mahali linapokaa mwilini, na mkia unaolifunga kwenye sentensi. Ukishika hayo, maana inakuja yenyewe.

Umbo

Chukua mzizi doki, mdundo wa moyo. Ukiurudia, dokidoki, moyo unadunda na kuendelea kudunda. Ukiukata ghafla kwa konsonanti nzito, yaani iliyoandikwa mara mbili, dokitto, ni mshtuko mmoja: moyo umeruka mara moja, basi. Ukiufunga kwa n, dokin, ni mdundo mmoja wenye mvumo unaobaki kifuani. Ukiufunga kwa ri, dokiri, ni mshtuko mmoja tena, lakini uliokwisha na kutua.

Ufunguo huu unafungua milango mingi. Maneno yaliyorudiwa ni hali inayoendelea: iraira, harahara, sowasowa. Maneno yenye tto ni tukio la mara moja: zotto, mwili kusisimka kwa hofu, hatto, kugutuka kwa kuwa umetambua kitu, katto, damu kuchemka kwa dakika moja, mutto, kununa papo hapo. Yenye konsonanti nzito katikati na ri mwishoni, kama gakkari na sukkiri, ni hali iliyokamilika: jambo limekwisha kutokea na moyo umeshatua pale ulipotua. Unzari, kuchoshwa na jambo hadi hutaki tena kulisikia, liko kundi hilohilo.

Kosa la Mswahili hapa linatokana na lugha yake mwenyewe. Kwetu kurudia kitenzi mara nyingi hupunguza uzito: kucheka ni kucheka, chekacheka ni kucheka bila sababu ya maana. Halafu tukiondoa marudio neno linabaki kamili. Kwa Kijapani, waku peke yake si neno la kusimama, wala ira, wala niko. Usikate. Na dokidoki si doki iliyopunguzwa nguvu, ni doki inayoendelea.

Kutamka

Irabu zetu tano zinakaribiana sana na zao, na silabi zao ni wazi kama zetu, kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anaanza akiwa mbele ya wengi. Anayechanganya r na l hapotezi kitu, maana Kijapani hakitofautishi sauti hizo. Irabu ndefu tunaziweza: anayesema sa-a kwa mapigo mawili atasema wa-a-wa-a kwa manne. Hata n ya mwisho yenye pigo lake tunaijua, maana m ya mtu na n ya kwanza ya nne zina mapigo yao. Jiin, kuguswa moyo hadi machozi yalengelenge, ni mapigo matatu: ji-i-n.

Tatizo ni konsonanti nzito. Hotto si hoto. Ni mapigo matatu: ho, kisha pigo moja la kimya huku ulimi umeziba nyuma ya meno, kisha to. Piga makofi matatu mezani, la pili lisiwe na sauti ya mdomo. Fanya hivyo kwa zo-t-to, ka-t-to, mu-t-to, halafu kwa ga-k-ka-ri na bi-k-ku-ri ambazo ni manne. Ukiliruka pigo la kimya, msikilizaji Mjapani hasikii neno lenye kasoro ndogo, bali neno ambalo hakulitarajia kabisa.

Jambo la pili ni mahali pa kupandisha sauti. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu unataka kusema wakuwaku kwa kukaza wa ya pili. Kwa Kijapani maneno ya hisia yaliyorudiwa huanza juu kwenye pigo la kwanza kisha hushuka na kubaki chini: WA-kuwaku, DO-kidoki, I-raira, NI-koniko. Kwa bahati njema, gakkari, bikkuri, sukkiri na shonbori hushuka baada ya pigo la tatu, yaani pale pale Mswahili anapokaza: gakKAri, bikKUri. Hayo yatamke kama ulivyozoea. Nguvu zako ziweke kwenye yaliyorudiwa.

Jua pia kwamba i na u zikiwa katikati ya konsonanti zisizo na mghuno, kama k, s na sh, hunong'onezwa tu. Shikushiku utaisikia kama shku-shku, kusukusu kama ks-ks. Usidhani umesikia neno jipya. Na anayefundisha darasa la vijana ajue mapema kwamba harahara italeta kicheko kwa sababu ya kuhara. Aitangulize mwenyewe, wacheke, somo liendelee.

Mkia

Maneno mengi ya hisia hufungwa kwa suru, yaani kufanya, na kwa adabu shimasu: wakuwaku shimasu, iraira shimasu. Yale yanayoonyesha namna ya kucheka au kulia hukaa mbele ya kitenzi chake, warau au naku, na kiungo to kinaweza kuwepo au kuachwa: nikoniko warau, nikoniko to warau, yote sawa. Kwenye maneno ya tto hakuna hiari, to ni sehemu ya neno na haitoki. Jiin na kyun nayo hudai to. Katto hupenda naru, kuwa: katto naru. Kankan, hasira kali, huja na ni: kankan ni natte okoru. Ukilazimisha suru kila mahali utaeleweka mara nyingi, lakini kankan itakusaliti.

Wakati nao una kanuni yake. Mtu aliyeshtushwa na nyoka njiani husema papo hapo "bikkuri shita!", kwa wakati uliopita, ingawa moyo bado unadunda. Mshtuko umekwisha kuingia. Ndivyo ilivyo kwa hotto shita na gakkari shita. Anayeruka na kusema "bikkuri suru!" anasikika kama anaeleza tabia yake ya kila siku.

Hofu na wasiwasi

Hapa ndipo penye utajiri na ndipo watu wanapochanganya.

Dokidoki haina upande. Ni moyo kukwenda mbio tu: kwa hofu, kwa mapenzi, kwa kupanda mlima, kwa mtihani. Sokwe dume akishuka njiani na kupita karibu, mgeni atasema "chinpanjii ga chikazuite kite, dokidoki shimashita", sokwe alisogea, moyo ukanidunda. Huwezi kujua kwa neno peke yake kama alifurahi au aliogopa. Mtazame uso. Wakuwaku kwa upande wake ni furaha ya kutarajia jambo jema, wala haina hofu ndani yake. Husemwa jioni ya kabla: "ashita chinpanjii ni aeru to omou to, wakuwaku shimasu", nikifikiri kesho nitaonana na sokwe, roho inanichangamka. Kusema wakuwaku juu ya upasuaji au mazishi ni kosa kubwa.

Harahara ni wasiwasi wa anayetazama jambo ambalo mwisho wake haujulikani, na mara nyingi hatari iko kwa mwingine. Mama anayemwona mtoto akikimbia ukingoni mwa gati ana harahara. Mtoto mwenyewe hana. Hiyahiya imetoka kwenye ubaridi: ni hofu ya matokeo mabaya inayopita mgongoni kama maji, na mara nyingi ina uhusiano na kosa linaloweza kugundulika au ajali iliyokaribia. Aliyeacha pasipoti hotelini na kukumbuka akiwa ziwani ana hiyahiya. Maneno haya mawili huingiliana, na Mjapani mwenyewe anaweza kutumia lolote kati yake kwa boti iliyoyumba. Lakini ukitaka usalama, atazamaye harahara, ahofiaye yatakayompata hiyahiya.

Bikubiku ni kuogopa kitu kinachokuja juu yako, mwili ukiwa tayari kuruka kwa kila sauti. Odoodo ni woga wa asiyejiamini: macho huku na huku, sauti ndogo. Odoodo ni neno la kumweleza mwingine, wala halimpambi. Orooro ni kupaparika, hujui ushike nini kwanza. Sowasowa ni kutotulia, kusimama na kukaa, kuchungulia dirishani kwa sababu kuna jambo linasubiriwa. Mojimoji ni kujiumauma: mtu anataka kusema kitu na hasemi. Hili la mwisho mwongoza wageni alishike kwa mikono miwili. Mgeni aliye mojimoji kando ya njia ya msituni, mara nyingi anataka choo na anaona haya kusema. Simamisha kundi, waambie wote ni mapumziko ya dakika tano, uonyeshe upande wa wanawake na wa wanaume.

Kutoka kundi hili limetoka neno la kazini ambalo fundi yeyote aliye chini ya msimamizi wa Kijapani atalikuta: hiyari-hatto. Hiyari ni ubaridi uliopita mwilini, hatto ni kugutuka. Yakiunganishwa yana maana ya ajali iliyokosakosa: nyundo imedondoka kutoka juu na haikumgusa mtu, dawa ya mgonjwa mmoja imeandaliwa kwa mwingine ikagundulika kabla hajapewa. Viwandani, kwenye ujenzi na hospitalini Japani matukio haya huandikwa kwenye fomu, yakiambatanishwa na hesabu ya Heinrich, Mmarekani aliyechunguza ajali za kazini, ya mwaka 1931: kwa kila ajali 1 kubwa kuna ndogo 29 na matukio 300 yasiyomjeruhi mtu. Ukiletewa fomu yenye jina hilo hujashtakiwa. Unaombwa useme ulipohisi ubaridi, ili yale 300 yapungue. Andika mahali, saa, ulichokuwa unafanya, kilichokaribia kutokea na kilichokizuia. Fomu zinazorudi tupu kila wiki ndizo zinazomtia msimamizi wasiwasi, na nadhani ana haki.

Hasira

Iraira inahusishwa na ira, neno la kale la mwiba. Ni miiba midogo midogo ya kukosa subira: foleni haisogei, mtandao unakatika, treni haijulikani itaingia saa ngapi. "Ressha ga konakute, iraira shimashita" ni sentensi utakayoisikia kwa aliyengoja stesheni ya Tabora usiku kucha. Dawa ya iraira ni taarifa: mpe saa, hata ya kukadiria, na umwambie utamletea habari nyingine lini. Chai bila taarifa haisaidii.

Mukamuka tumeiona, hasira ya tumboni. Mutto ni kununa: mtu ameguswa vibaya na neno, hasemi kitu, uso umejifunga. Kwa Mjapani mutto ina hatari kuliko kelele, maana hutaambiwa sababu. Kumbuka ulichosema sentensi mbili zilizopita, huenda sababu iko humo. Katto ni mwako wa ghafla, ukipita umepita. Kankan ni hasira iliyowaka na inaendelea kuwaka, inaonekana na kila mtu. Punpun ni kufura mashavu, na lina utani ndani yake: humwelezea mtoto, mpenzi au rafiki, na ukilitumia kwa mkubwa aliyekasirika kweli utaongeza kuni.

Furaha, tabasamu na machozi

Ukiuki ni moyo mwepesi unaoelea, mtu anatembea kama anacheza. Uzuuzu ni kuwashwawashwa kufanya jambo: mpiga picha aliyezuiwa kutoa kamera yuko uzuuzu. Hayo hayana shida.

Shida iko kwenye tabasamu. Nikoniko ni tabasamu la wema, la uso mzima, na kumwambia mtu "itsumo nikoniko shite imasu ne", daima unatabasamu, ni sifa nzuri. Niyaniya ni kijicheko cha mtu mwenye lake moyoni, cha dharau au cha kujipongeza. Nitanita ni tabasamu linalochukiza, la kumtia mtu hofu. Yote matatu huanza na ni, na anayeandika ujumbe haraka hukosea silabi ya pili. Ukimwandikia mgeni kwamba mkewe alikuwa niyaniya siku nzima, umemtukana. Kusukusu ni kubania kicheko, wakati mwingine kwa kumcheka mtu. Geragera ni kuangua kicheko kwa sauti.

Kulia kuna vipimo. Waawaa ni kilio cha sauti kubwa. Shikushiku ni kulia chinichini na kuvuta kamasi. Mesomeso ni kulialia kwa unyonge, na anayelisema mara nyingi halipendi jambo hilo. Poroporo ni machozi yanayodondoka tone kwa tone. Horori ni chozi moja lililotoka kwa kuguswa. Na kyun ni kifua kubanwa mara moja kwa upole: mtoto wa sokwe akining'inia mgongoni kwa mama yake, utasikia kundi zima la wageni wakisema hivyo ndani ya barakoa.

Baada ya jambo kupita

Hotto ni sauti ya pumzi yenyewe ikishuka. "Buji ni tsuite, hotto shimashita", tumefika salama, nimeshusha pumzi. Sukkiri ni wepesi baada ya kuondolewa mzigo: umeoga, umelala, umesema lililokukaa. Kinyume chake ni moyamoya, ukungu. Hakuna aliyekukosea waziwazi, hesabu imekubaliwa, lakini kuna kitu kinakaa rohoni na hakina jina. Neno hili liko midomoni mwa Wajapani kila siku. Mgeni akisema "chotto moyamoya shimasu", usimbishie kwamba kila kitu kiko sawa. Muulize ni sehemu gani ya maelezo haikueleweka.

Gakkari na shonbori zinafuatana lakini si moja. Gakkari ni ndani: tumaini limeporomoka. Shonbori ni nje: mabega yameshuka, kichwa chini. Kwa hiyo mgeni anasema mwenyewe "ame de chinpanjii ga mirarenakute, gakkari shimashita", mvua imetukosesha sokwe, nimevunjika moyo. Wewe unayemtazama unasema yuko shonbori. Kuyokuyo ni kulitafuna jambo lililopita bila kulimaliza, na hulikuta zaidi kwenye katazo: kuyokuyo shinaide, usiendelee kujitesa nalo.

Ya kwako na ya mwenzako

Kijapani hakikuruhusu kutangaza kilicho ndani ya moyo wa mwingine kama unavyotangaza cha kwako. "Iraira suru" ni mimi. Juu ya mwingine, sema "iraira shite iru", yaani anaonekana hivyo sasa, na kwa adabu zaidi ongeza yō: "iraira shite iru yō desu". Wengi wetu hulikosea hili kwa sababu Kiswahili hakina kizuizi hicho. Amekasirika ni amekasirika. Mwongoza wageni anayeripoti kwa mkuu wa msafara atumie shite iru kila mara.

Kwa nesi, maneno mengine ya umbo hilihili hueleza maumivu, na Mjapani huyatumia mbele ya daktari wake bila kusita. Kichwa zukizuki kinapwita, kichwa gangan kinagongwa. Tumbo kirikiri linachoma kwa ukali, tumbo shikushiku ni maumivu ya chinichini yasiyoisha. Ndiyo, shikushiku ileile ya kilio. Kinachotofautisha ni neno itai, inauma. Chikuchiku ni kuchomwachomwa kama sindano, hirihiri ni ngozi kuwaka kama iliyounguzwa na jua. Kurakura ni kizunguzungu. Andika neno lenyewe kwenye karatasi ya mgonjwa, kwa herufi zetu, kabla hujatafsiri.

Kuandika

Kwenye mazungumzo na ujumbe wa simu maneno haya yanakubalika hata kwa mkubwa, mradi mkia uwe shimasu. Kwenye barua ya ofisi, ripoti au maombi ya kazi hupunguzwa. Badala ya wakuwaku andika tanoshimi ni shite imasu. Badala ya dokidoki andika kinchō shimasu. Badala ya hotto, anshin shimashita. Badala ya bikkuri, odorokimashita. Gakkari kaa nayo mbali kabisa ukiwa unamwandikia mtu kuhusu kazi yake, maana hapo ni lawama: umeniangusha. Andika zannen desu. Na ukiikuta gakkari kwenye maoni ya mgeni kuhusu hoteli yako, ichukulie kama malalamiko kamili.

Kijapani kina aina mbili za herufi za silabi, katakana na hiragana. Kwa desturi sauti halisi huandikwa kwa katakana, na hali za moyo kwa hiragana, ingawa katuni na matangazo huvunja utaratibu huo kila mara. Kwenye simu weka kibodi ya Kijapani ya romaji, yaani ya kuandikia kwa herufi zetu. Konsonanti nzito hutoka kwa kuandika herufi mara mbili: hotto inakupa ほっと, yenye っ ndogo katikati. Ukiandika hoto utapata ほと, na simu itaanza kukupendekezea maneno ya jambo jingine. N ya mwisho igonge mara mbili, jinn, upate じん. Ukitaka irabu ndefu, ingiza alama ya mstari katikati: ji-nn inatoa じーん. Neno lililorudiwa liandike lote, わくわく, usifupishe kwa namba 2 kama tunavyofanya kwenye ujumbe wa Kiswahili.